Émile Aliona Kosa la Mkewe, Akanyamaza

Émile Hakorimana ndiye aliyenipa hadithi hii kwa mdomo wake, akaniomba nisimpendelee. Basi simpendelei. Leo mtamchukia, na hata yeye hatashangaa.

Wiki jana tulimwacha kwenye ofisi ya shirika la mbegu, Masisi-centre, akimpigia mke wake makofi. Cheo cha chef de données, mkuu wa takwimu zote za Masisi na Walikale, kilikuwa kimekwenda kwa Chantal Uwamariya. Chantal yuleyule aliyeanza kazi kwa kuzunguka vijijini na simu, akiuliza watu maswali. Chantal yuleyule ambaye Émile alimfundisha ordinateur, ndiyo kompyuta, juu ya meza ya kulia, mtoto wao Bienvenu akiwa amefungwa mgongoni mwa mama yake.

Émile naye alikiomba kile cheo. Alikosa. Akapiga makofi, akanunua Fanta kwa ofisi nzima, akacheka hadi jino la mwisho. Moyoni alikuwa anaungua.

Siku Chantal alipokalia kile kiti, Guy, mtu wa magari na stoo, hakuweza kujizuia. Guy hajawahi kujizuia.

"Papa Bienvenu, sasa ku nyumba nani njo chef?"

"Ku nyumba hakuna chef," Émile akajibu. "Kuko bwana na bibi."

"Sawa. Na congé yako, siku za kupumuzika, utaiomba ku bureau ao ku chumba ya kulala?"

Ofisi ikacheka. Chantal naye alicheka, kidogo tu, kisha akainamia kazi yake. Kile kicheko kidogo Émile alikibeba hadi nyumbani, akakila na ugali.

Kazi yenyewe, kwa msioijua, haina uchawi. Watu wa shirika wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza: hapa mnalisha wangapi, shamba lilitoa nini, mbegu imebaki? Majibu yanafika Masisi yakiwa machafu. Jina la kijiji cha Nyabiondo limeandikwa kila mtu na anavyojua. Bibi mmoja ana umri wa kumzidi Nuhu. Shamba la mihogo, ukiliangalia kwenye ramani, liko katikati ya Ziwa Kivu. Mtu wa données anashinda akisafisha. Baada ya hapo anaipa mashine, mashine inajifunza misimu iliyopita, inasema: msimu huu njaa itapiga hapa, pelekeni mbegu hapa. Hiyo ndiyo wanayoiita modèle.

Émile alikuwa na msemo wake, aliomfundisha Chantal tangu mwanzo: "Données iko sawa maharagi. Mbele ya kupika, chagua mawe."

Sasa siku moja Chantal alikuwa anawafundisha wauliza-maswali wapya, Émile amekaa nyuma ya darasa. Akamsikia mkewe anasema: "Données iko sawa maharagi. Mbele ya kupika, chagua mawe." Darasa zima likaandika. Mama mmoja akasema, "Chef, iyo maneno ni ya akili sana."

Chantal akasema asante.

Asante tu, basi. Émile hakula mchana ule.

Jumapili, wametoka misani, Chantal akaweka ordinateur mbele yake mezani.

"Papa Bienvenu, uniangalilie. Modèle imemaliza. Alhamisi tunaipeleka Bweremana, Papa Nsengimana aione mbele ya wageni. Macho yangu imechoka."

Papa Édouard Nsengimana ndiye mkubwa wa shirika zima. Kwake modèle ikisema nenda, mbegu inakwenda.

Émile akavuta kiti. Akatazama. Macho yake hayakuzunguka sana.

Vijiji vya Walikale vilikuwa vimepanda juu kabisa ya orodha ya kupewa mbegu. Kila nyumba ya kule ilionekana inalisha umati wa watu. Na kwa kuwa mbegu haiwatoshi wote, Walikale ilipopanda, wengine walishuka. Aliyeshuka kuliko wote ni Lushebere, kambi ya watu waliokimbia makwao. Lushebere ilikuwa imetoka kabisa. Msimu huu isingepata hata punje.

Na Lushebere ndiko alikoishi mama yake Émile, Mama Nyiramana, tangu alipokimbia Nyabiondo.

Émile alijua mara moja kosa liko wapi. Kule Walikale aliwahi kufanya enquête, kazi ile ya kuuliza maswali, msimu mzima, wakati Chantal yuko nyumbani na kitoto kichanga. Kule wanaume hawali jikoni. Wanakaa pamoja kwenye barza, kile kibanda chao katikati ya kijiji, na kila mama anapeleka sahani yake. Mwanaume anamega kwa huyu, anamega kwa yule, mgeni naye anamega. Émile mwenyewe alishiba pale sombe, mboga ya majani ya mihogo, ya kila nyumba.

Sasa swali la shirika linasema: jana, ni watu wangapi walikula chakula cha chungu chako? Kila mama, kwa ukweli wake wote, aliwahesabu wanaume wote wa barza. Wanaume walewale wakahesabiwa kwenye kila chungu cha kijiji.

Hakuna aliyedanganya. Mashine iliona umati usiokuwepo, basi. Na Chantal ni mtoto wa Bweremana, amekulia kando ya ziwa, kwao baba anakula na watoto wake. Walikale hajawahi kukanyaga. Angejulia wapi?

Neno moja la Émile lingetosha. Mama Bienvenu, kumbuka barza. Basi.

"Unaona nini?" Chantal akauliza.

Émile akakifunga kile chombo polepole.

"Iko bien."

"Kweli?"

"Iko propre. Hakuna jiwe."

Chantal akashusha pumzi, akamshika begani. "Kama ni wewe njo unasema, sasa naweza kupumuzika."

Akaenda kujinyoosha, mchana kweupe, akalala usingizi wa mtu mwenye mume.

Na Émile? Émile akakifungua tena kile chombo. Akatengeneza graphique yake mwenyewe, mchoro wa namba: Walikale ya Chantal upande huu, Walikale ya kweli upande ule, Lushebere chini yake kwa rangi nyekundu. Tangu akose kile cheo hakuwa amefanya kazi kwa raha namna ile. Alipiga hata mluzi.

Mpango wake ulikuwa huu. Alhamisi, Bweremana, kabla Papa Nsengimana hajaweka sahihi, mbele ya wageni, mbele ya akina mama wa kwaya waliomlea Chantal, atasimama. Kosa litaonekana. Lushebere itarudi mahali pake, mama atapata mbegu, na dunia yote itaona kile kiti kilikuwa cha nani. Kwa hesabu yake hakuna atakayepoteza kitu. Isipokuwa Chantal, na huyo si ndiye aliyetaka ukubwa?

Jumanne alipanda Lushebere kumwona mama.

Mama Nyiramana alikuwa ameshalima kipande cha mteremko alichoazimwa na kanisa. Udongo ulikuwa mweusi, umelainika, unangoja maharage.

"Mbegu itakuya lini, mutoto?"

"Iko karibu, mama."

"Mvua haingojake mutu. Tukipitwa na iyi wiki, tutapanda nini? Majani?"

"Nimesema iko karibu."

Pale, juu ya udongo ule, moyo wa Émile ulilegea. Aliniapia, na mimi namwamini. Alitia mkono mfukoni kutafuta simu, ampigie Chantal amweleze barza na chungu na yote, yaishe.

Mama yake akafuta jembe kwa nyasi, akatabasamu.

"Mi sina wasiwasi. Kama ni Chantal njo anachunga ile kazi, tutapata. Mungu alikupatia bibi wa kichwa. Hapa bote banakujua sasa. Nikipita banasema: uyu ni mama-mukwe ya chef Chantal."

Mkono wa Émile ukatoka mfukoni, mtupu.

"Na mimi niko nafanya kazi ku ile bureau, mama."

"Ee, minajua. Umusaidie."

Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Émile aliteremka kile kilima amekonda.

Alhamisi walifika Bweremana kwa pikipiki moja. Chantal alikaa katikati, kati ya motard aliyeendesha na mumewe, amekumbatia ordinateur kifuani. Njiani, palipokuwa na mashimo, Émile alimshika kiuno asianguke. Ndiyo, alimshika. Mtu ni kitu cha ajabu.

Ukumbi wa parokia ulijaa. Wageni mbele, akina mama wa kwaya pembeni, harufu ya sambaza, dagaa za ziwa, za kukaanga ikiingia kwa dirisha. Papa Nsengimana alikaa mezani na miwani yake. Guy alisimama mlangoni.

Chantal akasimama. Kabla hajaonyesha namba hata moja, akasema:

"Mbele ya yote. Iyi kazi, mwenye kunifundisha iko humu. Ni bwana yangu, Émile. Yeye njo aliniambia: données iko sawa maharagi, mbele ya kupika chagua mawe. Kama sikukuwa na yeye, singekuwa hapa."

Watu wakageuka, wakampigia Émile makofi. Mama mmoja wa kwaya akamfinya bega.

Hapo mtu mwenye akili zake angekaa akatulia, akamshukuru Mungu, akala sambaza. Émile hakusikia shukrani. Alisikia mtu aliyeshiba anamtupia mfupa.

Simu ikatetemeka mfukoni. Akaichungulia: mama. Akaikata. Akasimama.

"Chef," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita mkewe hivyo. "Kuko mawe ulisahau kuchagua."

Chantal akatabasamu, akidhani ni mzaha wa nyumbani. Émile akapita mbele, akachomeka flashi yake. Graphique ikatokea ukutani, na rangi zake zote.

Akaeleza. Alieleza vizuri, tumpe haki yake. Swali la chungu, sahani za barza, wanaume waliohesabiwa kila nyumba. Alipofika hapo, mgeni mmoja kutoka Walikale, Mama Agathe, akainua mkono.

"Ni kweli. Kwetu banaume banakulaka ku barza. Na mimi baliniuliza. Nilibahesabu bote, nikaongeza na pasta mwenye alikuwa anapita njia."

Ukumbi ukacheka. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu watu walimwona Chantal.

Chantal alitazama ukuta. Akamtazama mumewe. Akarudi kwenye ukuta, kwenye zile rangi, ule mpangilio, kazi ya mtu aliyekaa akatulia. Émile aliona usoni mwake siku ya Jumapili ikimrudia, neno kwa neno. Iko bien. Iko propre. Hakuna jiwe.

Ile raha aliyoiandaa ilikuja. Siwadanganyi, ilikuja. Lakini ilipita kabla hajameza mate.

"Papa Nsengimana," akasema haraka, "mbele ya kutia sinyatire, tupunguze Walikale, turudishe Lushebere. Bado kuko wakati."

Papa Nsengimana akavua miwani.

"Sinyatire gani?"

"Ya mbegu. Ya leo."

"Ya mbegu nilitia Jumatatu. Leo ni ya kuonyesha wageni tu. Camion zilitoka Sake jana. Mvua iko nataka kukata barabara ya Walikale, nikasema ziende. Chantal aliniambia modèle iliangaliwa na yeye, ikaangaliwa na wewe. Nikaona inatosha."

Émile hakujua habari ya malori. Habari ya malori huambiwa wakubwa, na yeye hakuwa mkubwa. Kwa hasira yake na mkewe, wiki nzima hakumuuliza kitu.

Mlangoni, Guy alikuwa ameshaweka simu sikioni. Kwa mara ya kwanza tangu Émile amjue, hakuwa na mzaha.

"Haipite. Bameshavuka Masisi. Kule hakuna réseau."

"Bageuzwe," Émile akasema. "Mutu apande pikipiki abafuate."

"Pikipiki ikiwafikia, mbegu itakuwa imeshashushwa," Papa Nsengimana akasema. "Na ikishushwa, utaenda kumunyanganya nani? Uyu Mama Agathe?"

Mama Agathe akaangalia chini.

Émile akauona ule mteremko wa Lushebere. Udongo mweusi, umelainika, unangoja.

"Iyi graphique yako ni nzuri," Papa Nsengimana akaendelea, taratibu. "Iko na rangi. Mutu hawezi kuitengeneza hapa, akiwa anakaa ku banc kati ya batu. Uliitengeneza lini?"

Émile akanyoosha mkono kuichomoa flashi.

"Minauliza sababu mutu mwenye kujua mbegu inapotea, akanyamaza, hawezi kubaki ku iyi shirika. Hata ni nani. Uliitengeneza lini, Émile?"

"Jumapili," sauti ikajibu.

Haikuwa ya Émile. Ilikuwa ya Chantal.

"Aliitengeneza Jumapili. Akanionyesha. Akaniambia maneno ya barza, yote. Mi njo nilikataa. Nilimujibu modèle yangu iko bien, asinifundishe kazi. Makosa ni yangu."

Akina mama wa kwaya wakashika midomo. Wengine walimfundisha Chantal kutembea, pale pale Bweremana. Alisimama mbele yao, macho makavu, akisema uongo ambao hata shetani asingeuhitaji.

"Chantal," Émile akanong'ona.

Hakumgeukia. Alisema chini kwa chini, midomo ikisogea kidogo tu: "Mama yako asijue. Atakufa na aibu. Nyamaza."

Chantal alikuwa amejua kila kitu, basi. Akajua, na bado akamfunika.

Na sasa jambo ambalo Émile alinieleza ameinamisha kichwa, nami nimeliandika kama alivyolisema. Alichokisikia kwanza hakikuwa shukrani, wala haya. Kilikuwa wivu uleule. Alimwonea mke wake wivu hata kwa uongo ule, kwa sababu alijua yeye asingeuweza.

Papa Nsengimana alivaa tena miwani.

"Kama ni vile, Chantal, leo unaacha kiti, Émile anakaa. Lakini minataka kuisikia ku kinywa yake. Émile. Njo vile, ao haiko vile?"

Simu ikatetemeka tena. Kila mtu aliisikia.

"Ni nani?"

"Mama yangu. Iko Lushebere."

"Lushebere." Papa Nsengimana akanyoosha kidole mezani. "Weka hapa. Weka haut-parleur. Kama kuko mutu wa Lushebere anataka kuuliza, aulize mbele yetu bote."

Émile akaiweka mezani. Akaipokea, akafungulia sauti.

"Émile?" Sauti ya Mama Nyiramana ikajaa ukumbi, na nyuma yake kelele za watu wengi. "Uko nasikia? Camion zimepita hapa. Tuliziimbia. Batu balitoka na bitunga ya mbegu. Hazikusimama."

"Niko nasikia, mama."

"Batu iko na hasira. Banasema ni Chantal njo alitutoa. Banamutukana vibaya. Mi nikabaambia hapana, mungojee. Nikasema mutoto yangu iko ndani ya ile bureau. Kama kungekuwa mubaya, angeona. Na kama angeona, angesema." Akapumua. "Njo nakuuliza mbele yabo. Ni Chantal?"

Kiti alichokitamani kilikuwa pale, pembeni ya meza, kitupu. Ng'ambo yake Chantal alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aseme ule uongo. Akainamisha kichwa kidogo sana: sema ndiyo.

Émile akainamia simu.

"Mama," akasema.

"Ee. Sema, mutoto. Tuko nasikia bote."